Mbao iliyopigwa mionzi haibaki na mionzi, jamani

Juzi tena mteja kaja karakana hapa Moshi kuangalia meza ya mapaleti, kaona muhuri wa HT kwenye ubao, karudi nyuma: "Fundi, hii si imepigwa mionzi? Mimi nina watoto wadogo." Wenzangu wanaouza vinyago Arusha nao wanaulizwa hivyo hivyo kila siku, basi ngoja niandike.

Kwanza HT ni joto tu. Ubao unapashwa mpaka katikati yake ifike nyuzi 56 na ikae hapo dakika 30 mfululizo, wadudu wafe, ndo sharti la ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia, kwa mapaleti yanayovuka mipaka. Ukiona MB hiyo ni gesi ya methili bromaidi, na mimi paleti ya MB simtengenezei mtoto kitanda hata unilipe mara mbili.

Sasa tuseme kweli mbao imepigwa gama, yaani mionzi ya gama. Inafanyika, Australia kwa mfano kinyago kikiingia na dalili za wadudu, gama ni mojawapo ya matibabu wanayokubali. Halafu mtu anakuambia kinyago hicho kitaleta kansa sebuleni! Hapa ndo nachoka kabisa. Kobalti-60, madini yanayotoa hiyo mionzi, imefungwa ndani ya vyuma vyake, haigusani na mbao, hakuna unga wala maji yake yanayobaki juu ya mbao. Mbao inapitishwa mbele yake, gama inaingia, inakata vifungo vya molekuli, imeisha. Nishati yake ni MeV (kipimo cha nishati ya mionzi) 1.17 na 1.33, na hiyo haitoshi kuvuruga kiini cha atomu ya kaboni wala oksijeni wala haidrojeni, na mbao karibu yote ni hizo tatu, sasa kiini kisipoguswa mbao itaanzaje kutoa mionzi yenyewe? Ukipigwa eksirei ya mguu unarudi nyumbani unakula na wanao na hakuna anayekukimbia, mbao ni hivyo hivyo. Maiti ya Farao Ramses II ilipigwa gama Ufaransa mwaka 1977 kuua fangasi, leo ipo makumbusho Cairo watu wanapita wanaiangalia.

Kama unataka kuuliza swali la maana, uliza dozi. Wadudu wanakufa kwa kilogrei (kipimo cha dozi ya mionzi) chache, fangasi wanataka zaidi kidogo, lakini ukisogea kilogrei 100 na kwenda juu minyororo ya selulosi, ile inayoipa mbao nguvu, inakatika sana na mbao inaanza kuwa dhaifu, inavunjika kirahisi. Kwa hiyo ule usemi kwamba mionzi inakaza mbao, hapana. Zile sakafu ngumu watu wanazosikia, teknolojia ya miaka ya 1960 hiyo, mbao inanyonywa hewa kwanza, inaloweshwa kwenye kimiminika kama methili methakrileti mpaka kijae vitundu vyake, ndo gama inakigeuza kiwe plastiki humo humo ndani. Ugumu ni wa plastiki. Ukichukua grevilea yako kavu ukaipiga gama peke yake usitegemee igeuke mninga, utaipunguzia nguvu tu.

"Ikishapigwa mchwa hawaigusi tena." Uongo. Gama inaua waliomo siku hiyo, haiachi dawa yoyote, ukiiweka mbao hiyo kwenye sakafu yenye unyevu mchwa wanaingia kama kawaida. Nguzo ya uzio nunua iliyowekwa dawa kwa presha na uulize dawa imeingia kina gani.

Na mlango wako unaogeuka kijivu huko nje, hiyo nayo ni mionzi, ya jua. Yuvii inakula lignini ya juu, ile gundi ya asili inayoshika nyuzi za mbao, mvua inaosha kilichobaki. Paka vanishi ya nje yenye kinga ya yuvii na uirudie kabla haijaanza kubanduka, usisubiri mpaka mbao ionekane.