Je, wajua kwa nini "zone out" haimtafuti mchawi?

Mtu yuko mkutanoni, macho kodo, kichwa kinaitikia, lakini ukimuuliza kilichosemwa dakika moja iliyopita hana jibu. Hajasinzia, hajashika simu, wala hakuna kelele iliyomvuruga. Kiingereza cha mazungumzo kina kitenzi cha maneno mawili kwa hali hiyo: "zone out". Sisi tungesema amezubaa, au akili imehama.

Wanaojifunza Kiingereza hukichanganya na "be distracted", na tofauti yake ni kubwa. Ukisema "I was distracted", msikilizaji anasubiri "by" na jina la kilichokuvuruga: simu, mlango, mtoto anayelia. "I zoned out" haidai maelezo hayo. Umakini umejiondokea wenyewe, na mara nyingi mhusika hutambua pale tu anaposhtuka. Kwa hiyo ndiyo kauli inayofaa kuombea radhi papo hapo: "Sorry, I zoned out for a second. What did you say?"

Kwa kawaida kitenzi hiki si elekezi, yaani hakipokei yambwa, kitu kinachotendewa. Wapo wanaosema "zone out the noise", lakini anayejifunza asiwaige, maana kazi hiyo ina kitenzi chake: "tune out", kilichotokana na kurekebisha mawimbi ya redio. Anayefanya "tune out" anajua anachokifungia masikio: "She tuned out the noise and kept working." Kiwakilishi hapo kinakaa katikati, ni "tuned it out", kamwe si "tuned out it". Kwa hiyo ukitaka kusema umempuuza mtu makusudi, "zone out" haikufai.

Makosa mengi hutokea kwenye neno linalofuata. Kabla ya nomino weka "during": "He zoned out during the lecture." Kabla ya kitenzi weka "while": "I zoned out while reading." "During I was reading" ni kosa, hata kama maana inaeleweka. Hali ikijirudia, tangulia na "keep": "I keep zoning out." Halafu kuna "Don't zone out on me", ambayo ukiitafsiri neno kwa neno utadhani mtu amepandwa juu. "On me" hapo ni lalamiko tu: ninaongea nawe, usinipotee.

Si kila mara ni aibu. Mtu aliyechoka husema "I just want to zone out in front of the TV", na hapo anataka kupumzisha akili kwa hiari. Muktadha ndio unaoamua kama ni kosa au ni starehe.

Mtego mkubwa zaidi ni "in the zone". Neno "zone" ni lilelile, maana imegeuka kabisa: mchezaji aliye "in the zone" amezama katika anachokifanya hata haoni kingine. Vivyo hivyo "zone in on" ni kukaza macho kwenye jambo moja. Ukimsifu mtu kwa kumwambia "you were zoned out", umemtukana bila kujua.

Majirani wake hawana ugumu. "Doze off" ni kusinzia kweli. "Switch off", inayopendwa zaidi Uingereza, ni kuacha kusikiliza, aghalabu kwa kuchoshwa. "Space out" inakaribiana sana na "zone out", ila kivumishi chake, "spaced out", kitumie kwa hadhari kwa sababu huweza kudokeza dawa za kulevya. Kwa mtu aliyezubaa tu, "zoned out" ni salama zaidi.

Katika matamshi, usiongeze irabu mwishoni mwa "zone". Sauti ya "n" inaungana na neno la pili, isikike kama "zou-naut", na mkazo mkubwa uangukie "out".

Hii ni lugha ya mazungumzo na ujumbe wa simu. Katika barua ya kazi au ripoti, andika "I lost concentration" au "my attention drifted".