Kapteni wa Prusia na Makuruta wa Valley Forge

Wanafunzi wanaotutembelea hapa Ngomeni, yaani Fort Jesus ya Mombasa, huuliza sana habari za mizinga na kuta, lakini ni nadra kuuliza askari walifundishwa na nani. Vita vya kupigania uhuru aghalabu huanzwa na wakulima na mafundi ambao hawajapata kuishi kambini, na kumkabidhi mtu kama huyo bunduki hakumfanyi kuwa askari.

Mfano ninaopenda kuwapa ni wa Marekani. Desemba 1777 jeshi la George Washington, lenye watu wapatao 12,000, lilipiga kambi Valley Forge, Pennsylvania, likiwa limekwisha kushindwa na Waingereza na kupoteza mji wa Philadelphia. Kila jimbo lilikuwa limeleta watu wake na gwaride lake. Februari 1778 akawasili Friedrich von Steuben, afisa wa Prusia, dola ya Kijerumani ya wakati ule, aliyepigana Vita vya Miaka Saba huko Ulaya. Alitambulishwa kuwa luteni jenerali, ilhali cheo chake halisi kilikuwa kapteni. Uongo huo haukumdhuru mtu, kwa kuwa kazi yenyewe aliijua barabara.

Kiingereza ndicho alichokuwa hakijui. Alitegemea Kifaransa na Kijerumani, na vijana wasaidizi wa Washington kama Alexander Hamilton na John Laurens wakasaidia kutafsiri maelekezo yake. (Hapa kwetu, katika KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, maafisa wa Kiingereza ndio waliolazimika kujifunza Kiswahili, ingawa jeshi hilo lilitumikia ukoloni.) Steuben alichagua watu mia moja na ushei, akawafundisha yeye mwenyewe, jambo ambalo maafisa wengi wa wakati ule waliliona kuwa kazi ya masajini, kisha hao wakawa mfano kwa wenzao. Alipunguza hatua za kushindilia na kufyatua gobori. Singe, yaani kisu cha mdomoni mwa bunduki, ambayo baadhi yao waliitumia kuchomea nyama, aliirudisha kuwa silaha, na Julai 1779 ngome ya Stony Point ilitwaliwa usiku kwa singe, huku bunduki za wengi wa washambuliaji zikiwa hazina risasi.

Alichokigundua mapema, na kwa maoni yangu ndicho kilichomfanikisha, ni kwamba askari wa Prusia akiambiwa fanya hufanya, bali huyu wa Marekani hana budi kwanza kuelezwa kwa nini. Hakulichukulia hilo kuwa ukaidi, akawaeleza.

Vilevile alisisitiza mpangilio wa kambi: jiko upande mmoja, vyoo upande wa pili, tena mteremkoni. Majira yale maradhi yaliua karibu watu 2,000 pale Valley Forge bila vita vyovyote kupiganwa kambini. Sisi wa Mombasa hatuhitaji kwenda mbali kulielewa hilo, kwani Waomani walipoizingira ngome hii kuanzia 1696 hadi 1698, wengi wa waliokuwamo ndani waliuawa na ugonjwa na njaa kuliko silaha.

Tarehe 28 Juni 1778, huko Monmouth, jeshi lile lilikabiliana na Waingereza uwanjani kutwa nzima katika joto kali bila kusambaratika, na Waingereza wakaondoka usiku. Mwaka uliofuata Steuben alichapisha kitabu cha kanuni, ambamo kapteni anaagizwa kwamba jambo la kwanza kwake ni kupendwa na askari wake, kwa kuwatendea wema.