Uzee wa Jengo Si Kinga

Tangu wakazi wa Kisumu waanze kukusanya sahihi za kuokoa maduka ya kale katikati ya jiji, simu za ofisini kwetu hazikatiki. Tunashukuru. Maduka hayo, yenye veranda na mwaka wa ujenzi ulioandikwa kwa saruji juu ya ukuta wa mbele, ni masalio ya mji uliokua baada ya reli kufika ziwani mwaka wa 1901, enzi za Port Florence, jina la zamani la Kisumu.

Lakini kila anayepiga simu huniambia, "Si ni la zamani? Basi linalindwa." La! Jengo hulindwa Waziri akilitangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali, baada ya kushauriana na Makavazi ya Kitaifa, chini ya sheria ya makavazi na turathi ya mwaka wa 2006. Nakala ya tangazo hubandikwa hapo jengoni, anayepinga hupewa miezi 2, kisha Waziri hulithibitisha au huliondoa tangazo hilo. Na hapana, serikali haimnyang'anyi mtu ploti yake. Mwenye jengo hubaki kuwa mwenyewe.

Anayetaka kubomoa ili ainue ghorofa sharti kwanza apate kibali cha kaunti. Akianza bila kibali, sheria ya mipango ya mwaka wa 2019 inamtoza faini isiyozidi Sh500,000, au kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili. Ombi lake lapaswa kutangazwa ili umma utoe pingamizi. Hapa ndipo watu hulala: kaunti isipomjibu kwa maandishi ndani ya siku 60, huhesabiwa amekubaliwa.

Juzi kikundi kimoja kililetea ofisi yetu daftari zima la sahihi, limefungwa kwa uzi vizuri. Namba ya ploti haikuwemo. Nilipomuuliza mwenyekiti ni jengo lipi, akasema, "Ile ya kijani, hapo kwa mama wa samaki." Mtaa huo una majengo ya kijani matatu, na mama wa samaki hawahesabiki.

Kwa hivyo katika barua yenu andikeni namba ya ploti, jina la barabara, na yaliyotendeka humo. Pigeni picha pande zote, hata kule nyuma kwenye matangi. Barua ikipokelewa, nakala yenu ipigwe muhuri wa tarehe. Mkilazimika kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, wakili ataiulizia hiyo kwanza.