Hitilafu ya mawasiliano kwenye mtambo uliotumika: maana yake na namna ya kuipima

Skrini ya eskaveta ikiandika kwamba hakuna mawasiliano, au kompyuta ya kupimia ikitoa kodi ya hitilafu SPN 639, bado hujaambiwa kwamba ECU ya injini, yaani kisanduku cha kompyuta kinachoiendesha, imekufa. Umeambiwa tu kwamba kisanduku kimoja kilikuwa kinasubiri taarifa kutoka kwa kingine, nazo hazikufika, zimechelewa, au zimefika zimeharibika. Kabla ya kununua ECU, inabidi ujue taarifa hizo zimekwamia wapi. Mara nyingi zimekwamia kwenye waya, plagi au ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye chesisi).

Eskaveta, shoveli au greda ya kisasa ina visanduku kadhaa vya kompyuta: cha injini, cha haidroliki au giaboksi, na skrini yenyewe. Vyote huongea kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, mfumo unaoitwa CAN, ambao Bosch iliutambulisha mwaka 1986. Mitambo mingi mizito hutumia juu yake utaratibu wa J1939, kwa kasi ya kilobiti 250 kwa sekunde, au 500 kwa mipya zaidi. Waya mmoja ni CAN H na mwingine CAN L. Kila mwisho wa njia hiyo kuna resista ya omu 120 inayozuia mawimbi ya umeme yasigonge mwisho na kurudi. Resista hiyo inaweza kuwa plagi ndogo iliyojificha ndani ya wayaringi, au ikawa ndani ya ECU.

Isome kodi vizuri. SPN 639 inataja njia ya mawasiliano. FMI, namba inayofuata, ndiyo inayoeleza aina ya tatizo: 9 ni taarifa zisizokuja kwa wakati wake, 19 ni taarifa zilizopokelewa na makosa. Halafu angalia nani anamlalamikia nani. Skrini na haidroliki zote zikilalamika kwamba injini iko kimya, mshukiwa ni upande wa injini, ingawa upande huo wenyewe huenda hauna kodi hata moja. Kila mmoja akimlalamikia kila mwenzake, shida iko kwenye njia kuu. Mtambo ulioshushwa Dar es Salaam au Mombasa baada ya kutumika miaka mingi kwingine huwa na kodi nyingi za zamani. Hata betri dhaifu wakati wa kuwasha inatosha kuziacha. Ziandike, zifute, washa mtambo, kisha shughulika na zile zinazorudi tu.

Anza na umeme wa kisanduku kilicho kimya, si nyaya za CAN. Angalia fyuzi na relei. Kisha chomoa plagi ya ECU, washa swichi, na uunge balbu ya volti 24, wati 21, kati ya waya wa chaji (unaoleta umeme wa betri) na waya wa ethi wa plagi hiyo. Balbu hiyo inavuta karibu ampea 1. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu utaonyesha volti 24 ukiupima kwa mita peke yake, lakini ukiubebesha balbu volti zinaanguka. Ethi ndiyo inayodanganya zaidi. Mitambo mingi hupakwa rangi upya kabla ya kuuzwa, na rangi hiyo ikiingia kati ya teminali na chesisi, boliti inaonekana safi na imekazwa huku umeme haupiti sawasawa.

Umeme ukiwa sawa, zima swichi, toa waya hasi wa betri, subiri dakika chache, kisha pima omu kati ya CAN H na CAN L kwenye plagi ya kupimia. Kwenye plagi ya pini 9 ya J1939, H ni pini C na L ni pini D. Caterpillar hupanga tofauti: CAN iko kwenye F na G, na D na E ni njia yao wenyewe ya Cat Data Link. Anayepima C na D huko atapata jibu lisilo na maana.

Karibu omu 60 ni sawa. Omu 120 maana yake resista moja haionekani: imetolewa, au njia imekatika katikati. Ukipata 40 hivi, kuna resista ya tatu, na hapo tafuta kifaa cha GPS kilichofungwa na mmiliki wa zamani. Karibu 0, nyaya zimegusana. Chomoa visanduku kimoja kimoja mpaka namba ibadilike. Ila kisanduku kikichomolewa na 60 ikawa 120, hakijaharibika. Kina resista ndani yake.

Usishangilie 60 mapema. Tawi la kisanduku kimoja linaweza kuwa limekatika, au waya mmoja ukawa umegusa chesisi, na bado ukasoma 60. Pima kila waya dhidi ya chesisi, kisha rudisha betri na uwashe swichi. H isome takriban volti 2.6 hadi 2.8, na L takriban 2.2 hadi 2.4, zikijumlishwa zikaribie 5. Zote mbili zikitulia kwenye 2.5, hakuna anayeongea. Waya wa CAN ukisoma 24, umegusa chaji.

Kwenye shoveli na dampa zinazokunja katikati, tafuta kwanza kwenye kiungo, maana wayaringi hupinda hapo kila usukani unapokatwa. Mwenzako akate usukani kulia na kushoto polepole huku ukiangalia kodi kwenye kompyuta ya kupimia. Mtu asisimame kwenye kiungo wakati huo. Kwenye eskaveta angalia chini ya sakafu ya kebini, sehemu wayaringi unapopita kuingia chumba cha injini, na popote panya wanapoweza kulala. Plagi zilizooshwa kwa mashine ya presha hushika kutu ya kijani.

Kisanduku kilichoungua kweli kipo, hasa pale boma au baketi ilipochomelewa bila kuchomoa betri na ECU. ECU ya kuchukua mtambo mwingine ihakikiwe namba ya kifaa na programu pia, la sivyo itawaka na kodi ibaki.

Ukiunga waya, sokota jozi kama ilivyokuwa hadi karibu na kiungio, bana kwa koleo la teminali na uvalishe mpira wa kubana kwa moto wenye gundi ndani. Usichome waya kwa sindano ya mita, maana maji yataingia hapo. Wala usilazimishe ncha nene ndani ya teminali jike, kwani ikipanuka haitashika pini vizuri, na utapata hitilafu mpya ya kuja na kupotea.