Picha ya ubongo wa panya baada ya kiharusi: panapong'aa si uvimbe wa kukatwa

Kila matokeo ya utafiti wa kiharusi kwa panya yanapotangazwa, kitengo cha upigaji picha huulizwa yaleyale: lile doa jekundu ni uvimbe? Likitolewa, mgonjwa atapona? Hapana. Rangi hupakwa na kompyuta. Doa huonyesha mahali kifuatiliaji chenye mionzi, yaani kemikali inayodungwa mwilini ili ionekane kwenye skana, kilipokusanyika, basi. Kinachotafutwa ni mchochota, yaani mwitikio wa kinga ya mwili, na usichanganywe na uvimbe wa saratani.

Kifuatiliaji kama DPA-714 yenye florini-18 hujishika kwenye TSPO, protini ya utando wa nje wa mitokondria, sehemu ya seli inayozalisha nishati. Maikroglia, seli za kinga za ubongo, zikiamka, TSPO huongezeka. Lakini makrofaji, seli za kinga zinazoingia kutoka kwenye damu, zinayo, na astrosaiti, seli zinazotegemeza neva, pia. Kwa hiyo picha peke yake haisemi ni seli ipi, wala kama inaharibu au inasafisha mabaki ya seli zilizokufa. Tunaomba sana jambo hili lieleweke, kwa sababu seli hizohizo hufanya kazi zote mbili.

Siku ya kupiga picha ina uzito. Ateri ya kati ya ubongo ikizibwa kwa uzi wa nailoni ili kumsababishia panya kiharusi, ishara ya kifuatiliaji hupanda kwa siku kadhaa na kwa kawaida hufikia kilele kati ya wiki ya 1 na ya 2. Anayepima saa 24 tu baada ya upasuaji kisha akatangaza kwamba hakuna mchochota, amewahi mno. Uzi nao ukisukumwa kupita kiasi hutoboa mshipa. Panya huyo ana damu iliyovuja, na haingii kwenye hesabu.

Sasa utaratibu, ambao wengi huuruka. Nusu-uhai ya florini-18, yaani muda ambao nusu ya mionzi yake hupotea, ni dakika 110 hivi. Dozi iliyopimwa kisha ikadungwa baada ya dakika 30 imepoteza takriban asilimia 17 ya mionzi yake, hivyo saa ya kipimo cha dozi na saa ya skana lazima zilingane. Sirinji hupimwa tena baada ya kudunga, na kilichobaki ndani hutolewa kwenye hesabu. Mkia nao uangaliwe: ukiwaka kwenye picha mahali sindano ilipoingia, sehemu ya dozi imevujia nje ya mshipa na namba za ubongo zitakuwa za chini isivyo kweli. Matandiko ya panya, glavu na sindano hukaa kwenye hifadhi yenye kinga kwa angalau nusu-uhai 10, kama saa 18 na nusu, kisha hupimwa tena kabla ya kutupwa. Anayetupa mapema husimamishiwa kibali cha kutumia mionzi; visingizio vya haraka havipokelewi.

Maombi ya kupigiwa picha yasiyo na kundi la kulinganishia, la panya waliopasuliwa bila kuzibwa mshipa, hurudishwa. Yaonyeshe pia jaribio la kuzuia: panya hudungwa kwanza PK11195 isiyo na mionzi, kemikali nyingine inayojishika kwenye TSPO, na ishara isiposhuka, kinachoonekana hakitoki kwenye TSPO.

Kwa binadamu kuna kikwazo kingine. Tofauti ya jeni iitwayo rs6971 hufanya vifuatiliaji vingi vipya, DPA-714 kikiwemo, vishike kwa nguvu kwa mtu mmoja na kwa udhaifu kwa mwingine, hata kama mchochota wao ni sawa. Ndiyo maana mshiriki hupimwa jeni hiyo kabla ya kupigwa picha.