Kioo cheusi, laptopu nzima: maneno ya mtaani kuhusu Linux na draiva za grafiki

Madamu mmoja anayefundisha Ujiji alinifuata pale Mwanga, hapa Kigoma, laptopu kaikumbatia kama mtoto mwenye homa. Jana yake usiku alikuwa ameapdeti Ubuntu, ile aina ya Linux anayoitumia badala ya Windows. Asubuhi anawasha, taa zinawaka, feni inazunguka, kioo cheusi tii. Fundi aliyemwona kabla yangu alishamwambia anunue kioo kingine.

"Fundi, mitihani yote ya kidato cha pili imo humu."

Nikaiwasha, nikaipa kama dakika moja, nikabonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Zikatokea herufi nyeupe zinaomba jina na pasiwedi.

"Sasa madamu, kama kioo kimekufa, hizi herufi zinaandikwa wapi?"

Haya ndiyo maneno ya mtaani, tuyachukue moja moja. "Kioo kimeungua." Kinaweza kuungua kweli, ila hilo lina kipimo chake. Mulika tochi ya simu kwa ubavu: ukiona picha hafifu kwa mbali, taa ya nyuma ya kioo ndiyo iliyokufa, na hapo utanunua. Kama nembo ya kampuni inaonekana ukiwasha halafu giza linaingia baadaye, kioo ni kizima. Kilichokwama ni draiva, ile programu inayoiwezesha keneli, yaani kiini cha Linux, kuongea na kadi ya grafiki inayotoa picha.

"Piga windo upya," yaani usakinishe mfumo mzima upya. Hili ndilo linaloniudhi. Watu wanafuta diski nzima, picha za harusi na hesabu za duka humohumo, kwa kosa la draiva moja. Giza halijagusa mafaili yako. Wakati wa kuwasha, shikilia Shift, au gonga Esc kwa mashine za siku hizi, mpaka menyu ya GRUB itokee, ile programu inayoiwasha Linux. Ingia kwenye Advanced options, chagua keneli ya zamani. Ikiwaka, jibu umelipata: keneli mpya imekuja, draiva yako haijatengenezewa moduli, kile kipande kinachochomekwa kwenye keneli, ya kuendana nayo. Mara nyingi ni kwa sababu heda za keneli hiyo, mafaili yanayohitajika kuitengeneza moduli, hazikuwekwa, au umeme ulikatika katikati ya apdeti na betri ya laptopu ni ya jina tu. Kwa hilo la umeme, andika `sudo dpkg --configure -a` uone kazi iliyokatika ikimaliziwa. Kuna watu nimewaona wanalaumu umeme kwa kuunguza kadi, kumbe ulikatiza usakinishaji tu.

"Weka nomodeset, umepona." Hapa kuna nusu ya ukweli. Kwenye menyu ya GRUB unabonyeza e, unautafuta mstari unaoanza na linux, unaongeza neno `nomodeset` mbele ya quiet splash, kisha F10. Neno hilo linaiambia keneli isijishughulishe na kupanga skrini kupitia draiva ya kadi. Picha inarudi, lakini kwa ukubwa usioeleweka, video zinakatakata, na pengine hata mwanga wa kioo haupunguziki. Ni mkongojo. Uingie nao ndani, uweke draiva sahihi, kisha uutupe. Bahati nzuri ukiandika pale kwenye menyu linadumu kwa kuwasha huko kumoja tu. Wanaolibandika moja kwa moja kwenye `/etc/default/grub` ndio wanaorudi kwangu miezi mitatu baadaye wakidai Linux ni nzito.

"Draiva mpya kabisa ndiyo bora." Laptopu nyingi tunazotumia huku Kigoma ni za mtumba. Kadi ya NVIDIA ya GeForce 400 au 500 inaishia kwenye draiva za mfululizo wa 390, ambazo kampuni iliacha kuzihudumia mwishoni mwa 2022. Za GeForce 600 na 700, nyingi zinaishia 470. Ukizilazimishia toleo jipya, giza. Andika `lspci -k` uone kadi ni ipi na inaendeshwa na draiva gani, kisha `ubuntu-drivers devices` ikupendekezee. Usichague kwa macho.

"Linux yenyewe mbovu." Kadi za Intel na AMD draiva zake zimo ndani ya keneli, na kwa kawaida hazisumbui hivi. Za NVIDIA zilikuwa siri ya kampuni kwa miaka. Draiva huria ya Nouveau, iliyoingia kwenye keneli mwaka 2010, iliandikwa na watu waliokuwa wakichungulia jinsi kadi inavyofanya kazi bila kupewa nyaraka. Mei 2022 ndipo NVIDIA ilipofungua msimbo wa moduli zake za keneli, tena kwa kadi za kuanzia kizazi ilichokiita Turing, si za zamani zaidi.

Turudi kwa madamu. `mokutil --sb-state` ikasema Secure Boot imewashwa, ule ulinzi unaokataa draiva isiyo na saini inayotambulika. Nikamuuliza kama ile apdeti ilimwomba atunge pasiwedi. Ndiyo, ilimwomba. Na alipoizima na kuwasha, hakuona skrini ya bluu?

"Niliiona, nikaogopa ni virusi. Nikabonyeza Continue."

Pale ilibidi achague Enroll MOK, yaani kuusajili ufunguo wa saini hiyo, na kuiandika ile pasiwedi, ili mashine iikubali saini ya draiva. Alipopita tu, draiva ikakataliwa mlangoni. Nikaandika `sudo update-secureboot-policy --enroll-key`, akatunga pasiwedi nyingine, tukazima na kuwasha. Bluu ikarudi. Safari hii alibonyeza mwenyewe, mimi nimeshika chai.