Waangalizi wa mizani walitangulia, vinu vikafuata

Tangu tuanze mikutano ya uhamasishaji kwa ajili ya msimu wa ununuzi wa pamba, swali moja limenifuata kijiji kwa kijiji: "Enzi za Paul Bomani, yule kiongozi wa ushirika wa pamba, wakulima wa Kanda ya Ziwa walikuwa na vinu vyao wenyewe vya kuchambulia pamba. Mtu kama yule tutampata lini tena?" Wazee huuliza wakiwa wamesimama, vijana huuliza wakiwa wamekaa, na mkutano mzima hunitazama kana kwamba jibu liko kwenye mkoba wangu.

Naliheshimu swali hilo, kwa sababu waulizaji wanaipenda kanda yao. Lakini sharti niseme kwamba limeanza mwisho. Vinu vilikuwa hatua ya tatu. Tukiziruka mbili za mwanzo, hata tukipewa kinu kipya kesho, baada ya misimu michache kitakuwa banda la popo.

Hatua ya kwanza ilikuwa mizani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mkulima wa Usukuma na Ukerewe alipeleka pamba yake kwenye vituo vya wanunuzi binafsi. Karani wa mnunuzi alipima, alisoma uzito, aliandika, akalipa. Kazi zote nne zilikuwa mikononi mwa upande mmoja. Wakulima walijua wanapunjwa, ila kujua hakukuwasaidia kitu kwa sababu hawakuwa na maandishi ya kwao. Ndipo wakaanza kuchangishana na kuajiri waangalizi wao wa mizani. Mtu wao anasimama pale pale pamba inapopimwa, anasoma uzito kwa macho yake. Siku hiyo mizani ikawa na mashahidi wawili.

Naomba msomaji atulie hapo kidogo. Hakukuwa na sheria iliyowalazimisha, wala mfadhili, wala mradi. Palikuwa na watu waliokubali kutoa fedha kidogo kwa ajili ya ukweli wa kilo.

Paul Bomani, aliyezaliwa Musoma mwaka 1925, aliingia katika harakati hizi akiwa kijana. Alikuwa ameshafanya kazi ya ofisini kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, akaingia kwenye ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, kisha akageukia wakulima. Hapo ikaanza hatua ya pili, yaani vyama. Mwaka 1950 chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa kilikuwa kimesimama chini ya uongozi wake. Vyama vya msingi vya ushirika vilianza kuandikishwa mwaka 1953, na kipindi hicho hicho Bomani alikwenda Uingereza kusomea ushirika huko Loughborough. Mwaka 1955 vyama vikaungana katika shirikisho lililojulikana kwa herufi VFCU (Victoria Federation of Co-operative Unions), makao yake Mwanza. Mwisho wa muongo huo pamba ya kanda ilikuwa inapitia mikononi mwa ushirika, na shirikisho lilikuwa linachambua pamba katika vinu vyake, Kasamwa wilayani Geita kikiwa miongoni mwa vya mwanzo.

Kwa nini kinu? Nitalieleza hili kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoteza hesabu. Pamba mbegu, yaani pamba kama ilivyotoka shambani, ikichambuliwa, takriban theluthi moja ya uzito ndiyo nyuzi, na sehemu kubwa iliyobaki ni mbegu. Nyuzi zinafungwa marobota na kwenda sokoni. Mbegu zinakamuliwa mafuta, na makapi yake ni mashudu ya kulishia mifugo. Mkulima anayeuza kwenye kituo cha ununuzi na kuondoka ameiachia milango mitatu ya faida kwa mpigo. Shirikisho lilipomiliki kinu, fedha iliyokuwa inaishia kwa mchambuaji ilibaki ndani ya nyumba ya mkulima, na makato madogo yaliyoidhinishwa na wanachama ndiyo yaliyojenga maghala na kununua mitambo.

Maono ya akina Bomani yalikuwa na sura hiyo: kumshawishi mtu mwenye shida leo akubali kukatwa senti chache kwa ajili ya kitu atakachokiona baada ya miaka. Serikali ya kikoloni ilifunga matawi ya TANU Usukuma kuanzia mwaka 1954 hadi 1958, na katika kipindi chote hicho vyama vya pamba viliendelea kukutana, kupiga kura na kusoma mahesabu. Watu walijifunza kuendesha jambo lao kabla hawajaendesha nchi. Bomani mwenyewe alikuja kuwa Waziri wa Fedha baada ya Uhuru.

Tusimpe mtu mmoja sifa zote. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, leo kiko Misungwi, kilitoa mbegu bora zinazobeba herufi UK mpaka sasa, na bila mbegu zile vinu vingekosa kazi. Na Kanda ya Ziwa haikuwa ya kwanza. Kilimanjaro wakulima wa kahawa walikuwa na chama chao tangu 1925, na KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, tangu 1933.

Sasa niseme kuhusu anguko, maana kila mkutano kuna anayesimama na kusema, "Ushirika uliuawa na wezi," kisha anakaa akiamini mjadala umekwisha. Wezi walikuwepo. Lakini kamati maalumu iliyoundwa mwaka 1966 kuchunguza vyama vya ushirika ilikuta mambo mazito zaidi: wanachama wasiojua haki zao, upungufu wa watendaji wenye ujuzi, demokrasia dhaifu katika vyama vikuu, na siasa kuingilia. Mwaka 1968 shirikisho na vyama vyake likamezwa na Chama Kikuu cha Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa nchi nzima, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha vikiwa vimepoteza mali, uzoefu na imani. Sababu ya kwanza kati ya zile nne iliwahusu wanachama wenyewe, na ndiyo inayonitia wasiwasi hadi leo.

Nitatoa mfano. Wiki chache zilizopita nilisimama kwenye kituo cha ununuzi cha AMCOS moja, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima. Mama mmoja alishusha viroba vyake, karani akapima, akaandika, akamkabidhi risiti. Mama aliikunja mara nne bila kuisoma, akaifunga kwenye pindo la kitenge. Nilimwomba aifungue. Uzito ulioandikwa ulikuwa pungufu ya ule tuliouona sote kwenye mizani kwa kilo tatu. Karani alirekebisha pale pale, na siwezi kusema kwamba alikusudia. Ninachoweza kusema ni kwamba nyuma ya mama yule palikuwa na foleni ya watu zaidi ya ishirini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anatazama mizani.

Kwa hiyo, utaratibu. Kabla kiroba cha kwanza hakijapimwa, mizani isome sifuri, na iwe na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka husika. Stika ikiwa imepitwa na wakati, una haki ya kukataa kupimiwa. Uzito utamkwe kwa sauti, uandikwe kwenye daftari na kwenye risiti, na namba hizo mbili zilingane. Risiti iwe na jina lako kama lilivyo kwenye rejista, tarehe, uzito, bei na saini ya karani. Usiache risiti kwa karani "akutunzie". Malalamiko ya uzito yanayoletwa ofisini bila risiti tunayapokea, lakini sitamdanganya mtu: mara nyingi hayafiki mbali.

Upande wa pili wa mizani nao uambiwe. Mkulima anayemwagia pamba maji au kuchanganya mchanga ili kiroba kiwe kizito anajiibia mwenyewe na jirani zake, kwa sababu pamba chafu hushusha bei ya wote. Tunaletewa barua kali kuhusu bei, na viroba vya waandishi wa barua hizo hizo tumevikuta na mchanga. Hili lazima liishe.

Kuhusu makato, dhana kwamba kila makato ni wizi si sahihi, na nimechoka kuisikia kwa watu wasiohudhuria mkutano mkuu ulioyapitisha. Makato halali ni yale yaliyotajwa na sheria au kuidhinishwa na wanachama, yakaonekana kwenye makisio ya mapato na matumizi. Makisio hupitishwa na mkutano mkuu. Vivyo hivyo ukomo wa madeni: bodi haiwezi kukopa kiasi inachotaka, bali ndani ya kiwango ambacho mkutano mkuu umekipitisha na Mrajis wa Vyama vya Ushirika amekiridhia. Katika mkutano huo kila mwanachama ana kura moja, mwenye hisa nyingi na mwenye chache sawa.

Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 inataka mahesabu ya chama yakaguliwe. COASCO ndilo shirika la umma la ukaguzi wa vyama hivi, na taarifa ya mkaguzi husomwa mbele ya wanachama. Mkisomewa ukurasa wa mwisho tu, ombeni kurasa zote. Mrajis anaweza kuagiza uchunguzi kwa uamuzi wake au kwa maombi ya wanachama. Uchunguzi ukionyesha kwamba mjumbe wa bodi au mtendaji ametumia mali ya chama kinyume cha utaratibu, anaweza kutozwa fidia na kuirejesha kutoka mfukoni mwake. Kutozwa fidia hakumwondolei mashtaka ya jinai endapo kosa lake ni la jinai. Bodi nzima inaweza kuondolewa. Hata hivyo anayetuhumiwa husikilizwa kwanza, na ana nafasi ya kukata rufaa. Kutuhumu si kuthibitisha, na kumpiga karani ni kosa la jinai.

Kuna wanaosema vyama hivi ni mali ya serikali. Hapana. Tume ya Maendeleo ya Ushirika inasajili, inasimamia na kukagua. Mali ni ya wanachama, na hasara pia. Mfumo wa kidijiti wa MUVU upo ili kumbukumbu za vyama zisiishie kwenye kabati la katibu, na Benki ya Ushirika ilizinduliwa Dodoma mwezi Aprili 2025 ili wakulima wawe na mahali pao pa kuweka na kukopa. Lakini benki, kama kinu, itauliza vitabu vya chama kwanza.

AMCOS inayotaka kuanza safari ya kumiliki kinu, au kuungana na nyingine kwa lengo hilo, ianze na mambo yanayowezekana msimu huu. Mchague wanachama wawili wanaojua kusoma na kuandika vizuri, wasiwe ndugu wa karani wala wajumbe wa bodi. Wakae kwa zamu kwenye mizani na daftari lao. Kila jioni walinganishe jumla yao na ya karani, waandike tofauti, wasaini wote watatu. Mwisho wa mwezi daftari lipelekwe kwenye mkutano.

Tofauti ikijitokeza na bodi ikashindwa kuieleza, andikeni barua kwa afisa ushirika wa halmashauri yenu, nakala kwa Mrajis Msaidizi wa Mkoa. Taja jina la chama, kituo, tarehe, namba za risiti na kiasi kinachodaiwa. Ambatisheni nakala za risiti, halisi zibaki kwenu. Wasaini wanachama wenyewe, siyo mtu mmoja kwa niaba ya "wananchi wenye hasira". Mhakikishe nakala yenu imegongwa muhuri wa mapokezi kabla hamjaondoka dirishani.